Hatari Iko Kwenye Kumimina

Mafuta ya taa ya Marekani yaliyofika Zanzibar na bandari nyingine za pwani yetu katika karne ya 19 yalikuja ndani ya madebe ya bati, mawili mawili katika kasha la mbao, kila debe likibeba galoni tano za Kimarekani, yaani karibu lita 19. Debe hilo halikuundwa likae nyumbani kwa mtu. Liliundwa livuke bahari mara moja, limiminwe, liishe kazi. Bati lake lilikuwa jembamba, maungio yake yameshikwa kwa lehemu, na mengi yake hayakuwa na mfuniko wa kufungua na kufunga. Mwenye duka alitoboa juu kwa msumari matundu mawili, moja la kutolea mafuta na jingine la kuingizia hewa, na tangu hapo debe halikuzibika tena sawasawa. Mafuta yalipakuliwa kidogo kidogo kwenye chupa za wateja, na debe tupu likaanza maisha yake ya pili: lilichota maji, lilipima mahindi hadi likawa kipimo cha soko, lilipasuliwa na kupigwa bapa likaezeka vibanda. Thamani ya chombo iliwashangaza hata wafanyabiashara wakubwa. Mwaka 1892 kampuni ya Marcus Samuel ya London ilipopitisha meli yake Murex katika Mfereji wa Suez ikiwa imejaa mafuta ya taa yasiyofungashwa, ilidhani wateja wa Mashariki ya Mbali watakuja na vyombo vyao. Hawakuja. Walitaka mafuta pamoja na bati lake, na ikabidi kampuni ijenge viwanda vya kutengenezea madebe huko huko, ikayapaka rangi nyekundu.

Naanza na debe kwa sababu mjadala wa kuweka akiba ya mafuta nyumbani, kwa ajili ya siku watu watakapolazimika kuhama ghafla, huendeshwa kana kwamba jambo lenyewe ni tabia njema au mbaya ya mwenye nyumba. Mmoja husema anayeweka petroli ndani ni mzembe, mwingine husema asiyeweka ni mjinga. Historia ya vyombo inaelekeza kwingine. Kwa zaidi ya miaka mia moja mtu wa kawaida amehifadhi mafuta katika vyombo vilivyoundwa kwa kazi nyingine, na kosa la vyombo hivyo limekuwa lile lile: vinamlazimu amimine. Petroli iliyotulia ndani ya chombo kilichofungwa vizuri inaua watu wachache. Inayoua ni petroli inayohamishwa kutoka chombo hadi chombo.

Sababu iko kwenye mvuke. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na asilimia 7.6 hivi ya hewa; ukipungua hapo hauwaki, na ukizidi hapo hauwaki pia, kwa kukosa hewa. Juu ya petroli iliyofungiwa ndani ya chombo kizima, kwa joto letu, mvuke umezidi kiwango hicho. Mtu anapofungua na kuanza kumimina ndipo unapokutana na hewa ya kutosha, na kila lita inayoingia katika chombo cha pili hufukuza lita nzima ya hewa iliyojaa mvuke kutoka ndani yake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini ukatokea dirishani, bali hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa lililo chumba cha pili, na mwenye kumimina, macho yake yakiwa kwenye faneli, hana habari.

Sasa, desturi ya kumimina ndani ya nyumba hatukujifunza kwa petroli. Tulijifunza kwa mafuta ya taa, na hapo ndipo mzizi wa tatizo ulipo. Mafuta ya taa mazuri hayatoi mvuke wa kuweza kuwaka mpaka yafikie nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata katika nyuzi 40 chini ya sifuri. Vizazi kadhaa vimejaza kibatari na taa ya chemli mezani, mtoto ameshika chupa, mama anamimina, na kwa kawaida halikutokea lolote. Si kwamba mafuta ya taa hayakuwa na makosa yake. Marekani ya miaka ya 1860 na 1870 ililia kwa taa zilizolipuka kwa sababu ya mafuta yaliyochanganywa na nafta, na Uingereza mwaka 1879 iliweka kipimo cha nyuzi 73 za Farenhaiti, sawa na 23 za Selsiasi, joto ambalo mchana wowote wa Dar es Salaam unalipita. Lakini kwa jumla yalikuwa mafuta yenye kusamehe. Petroli ilipoingia majumbani pamoja na pikipiki na jenereta, ilirithi chupa, faneli na mazoea ya mafuta ya taa, na haikurithi msamaha wake.

Watunga sheria waliona sehemu ya jambo hili mapema. Sheria ya Petroliamu ya Uingereza ya mwaka 1871 iliruhusu mtu kuweka nyumbani bila leseni mafuta yawakayo upesi, alimradi yawe katika vyombo vya kioo, udongo au chuma vilivyozibwa imara, kila kimoja kisizidi painti moja, na vyote kwa pamoja visizidi galoni tatu. Painti ni zaidi kidogo ya nusu lita. Kwa mtazamo wa leo inaonekana kichekesho: chupa ishirini na nne zimepangwa rafuni badala ya chombo kimoja. Lakini anayesoma sheria hiyo kwa makini anaona busara yake, kwani chupa ya painti inatumika yote kwa mara moja. Hakuna haja ya kuifungua na kuifunga wiki nzima, na ikidondoka hasara ni ya painti moja. Ilichokosea ni kusahau kwamba chupa hizo lazima zijazwe kutoka chombo kikubwa, tena na mtu aliye peke yake gizani kwenye stoo yake.

Chombo kilichotatua tatizo kilitoka jeshini. Katika vita vya jangwa la Afrika Kaskazini, Waingereza walibeba petroli yao katika madebe ya galoni nne, ndugu wa damu wa debe la mafuta ya taa. Yalivuja vibaya mno hivi kwamba kamanda wao, Jenerali Auchinleck, alikadiria asilimia 30 ya mafuta ilipotea kati ya ghala na mtumiaji. Askari waliyapenda yakiwa matupu tu: walikata moja katikati, wakatia mchanga na petroli, wakachemshia chai. Wajerumani walikuwa na kitu kingine, kilichoundwa mwaka 1937 na mhandisi Vinzenz Grünvogel wa kampuni ya Müller, cha lita 20. Inafaa kukitazama kwa karibu. Ni vipande viwili vya chuma vilivyochomelewa kwa ungio moja linalozunguka kati, ubavuni pana mibonyeo mirefu inayokatizana, inayokipa nguvu na kukiachia nafasi ya kutanuka petroli inapopata joto. Juu pana vishikio vitatu, ili mtu mmoja abebe viwili vitupu kwa mkono mmoja, au watu wawili wapokezane kimoja kilichojaa bila kukiweka chini. Mfuniko haupotei, kwa kuwa umefungwa kwenye bawaba na hubanwa kwa wenzo. Chombo hakihitaji spana wala faneli. Ndani ya shingo pana mrija mdogo wa hewa, ndiyo maana mafuta hutoka kwa mkondo mmoja bila kugugumia na kurukaruka. Waingereza waliviteka wakaviiga, na kufikia mwisho wa vita barani Ulaya Washirika walikuwa na karibu milioni 20.

Uchunguze uvumbuzi wenyewe: sehemu yake kubwa inahusu kubeba, kufungua, kufunga na kumimina. Namna mafuta yanavyokaa ilipewa nafasi ndogo zaidi.

Afrika Mashariki ilipokea umbo la chombo hicho, sehemu zake za maana zikaachwa njiani. Dumu la plastiki la njano lililojaa kote, kuanzia Mombasa hadi Bukavu, lina ujazo ule ule wa lita 20 na kishikio juu, na Kenya na Uganda linaitwa jerikeni kama babu yake wa chuma. Ila lilizaliwa kubeba mafuta ya kupikia. Mfuniko wake ni wa kuzungusha, na kwa kawaida ndio wa kwanza kupotea. Petroli hupata kizibo cha gunzi la mahindi lililoviringishiwa mfuko wa nailoni. Halina mrija wa hewa, kwa hiyo linapomiminwa linakoroma na kurusha matone. Ni plastiki isiyopitisha umeme, na umeme tuli unaojikusanya humo unaweza kutoa cheche. Tena nyumba hiyo hiyo ina madumu mengine ya njano ya maji, yanayofanana nalo kama mapacha.

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba watu wanaungua kwa tamaa na kutojua, siyo kwa ubovu wa vyombo. Watatajwa waliokufa Sachangwan nchini Kenya Januari 2009, Sange nchini Kongo Julai 2010 na Msamvu mjini Morogoro Agosti 2019, mamia kwa jumla, wengi wao wakikinga petroli iliyomwagika kutoka malori yaliyopinduka. Siwezi kusema umaskini na fursa havikuwa na nafasi pale. Lakini mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, unaonyesha jambo ambalo neno tamaa halilifikii. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, lava ikapita katikati ya mji, na watu laki kadhaa wakakimbilia Gisenyi, Rwanda. Siku nne baadaye, wengi wakiwa wamekwisha kurudi, makumi ya watu walikufa walipokuwa wakichota mafuta katika kituo kilichozungukwa na lava iliyokuwa bado ya moto. Mji ule ulijua petroli vizuri. Ni mji wa wauza petroli wa kando ya barabara, wale wanaoitwa kadhafi, wanaoishi kwa kumimina kutoka dumu hadi chupa siku nzima. Ujuzi wa kumimina walikuwa nao wa kutosha. Walichokosa ni njia ya kupata mafuta bila kuyamimina.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: basi watu wasiweke kabisa, na moto wowote wa nyumba hautakuta petroli ya kuukuza. Kweli, moto ulioanzia kwenye waya mbovu ukikutana na dumu unakuwa moto mwingine kabisa, na kwa hilo pekee chombo kinapaswa kukaa kibanda cha nje. Ila kuwaambia watu wasiwe na akiba ni kusahau kwa nini wanaiweka. Januari 2008, vurugu za uchaguzi wa Kenya zilipokata njia ya Mombasa, bei ya petroli Kampala ilipanda zaidi ya mara mbili kwa siku chache, na Rwanda na Burundi zikabaki kubana matumizi. Hata penye vituo vingi kila kona, haja ipo. Septemba 2005 watu kati ya milioni mbili na nusu na tatu walikimbia kimbunga Rita kutoka Houston na pwani ya Texas. Foleni zikafika kilomita nyingi, vituo vikakauka, magari yakazimika barabarani kwa kukosa mafuta, na waliokufa katika kuhama walikuwa wengi kuliko waliouawa na dhoruba yenyewe.

Wala utajiri hauponyi. Machi 2012, Uingereza ilipohofia mgomo wa madereva wa malori ya mafuta, waziri Francis Maude aliwashauri wananchi waweke akiba kidogo kwenye jerikeni gereji. Siku chache tu baadaye mwanamke mmoja wa York aliungua vibaya jikoni kwake alipokuwa akimimina petroli kwenye jagi, jiko la gesi likiwa linawaka. Mgomo haukutokea. Zimamoto walimlaumu waziri kwa kuhimiza kuhifadhi, ingawa kilichomchoma yule mama ni jagi.

Ikiwa hoja hii ni sahihi, ghala la kwanza la akiba ya kuhama ni tangi la chombo cha usafiri chenyewe, kwa sababu mafuta yaliyo humo hayahitaji kumiminwa tena. Mamlaka za Marekani huwaambia watu wa pwani ya vimbunga wasiache tangi lishuke chini ya nusu. Kwa Goma hesabu ni nyepesi zaidi. Serikali ilipoamuru sehemu ya mji ihame tarehe 27 Mei 2021, baada ya mlipuko mwingine, wengi walielekea Sake, mwendo wa kilomita 25 hivi, na pikipiki yenye nusu tangi inafika huko na kurudi mara kadhaa. Dumu la njano uani halikuongeza chochote kwenye safari hiyo.

Wenye boti na jenereta tangi haliwatoshi, nao ndio wanaobanwa na marufuku za kuuza petroli kwenye madumu ambazo serikali za ukanda huu hutangaza mara kwa mara. Marufuku hiyo inalinda kituo tu. Mtu hujaza pikipiki, akafika nyumbani akaingiza mpira kwenye tangi, akanyonya kwa mdomo, akakinga kwenye dumu, kisha akahamishia kwenye chupa: kumimina mara moja mikononi mwa mhudumu, kituoni, kumeongezewa kumimina mara mbili uani kwake. Ingewezekana kuruhusu chombo cha chuma cha lita 20 chenye mfuniko wa kubana na mdomo wake wa kumiminia, kijazwe kituoni kikiwa kimewekwa ardhini, kisijazwe hadi pomoni, na petroli yake itumike na kubadilishwa kila baada ya miezi michache. Ni ghali kuliko dumu, na kodi ya kukiingiza nchini ni jambo ambalo wizara inaweza kulitazama kabla ya kutangaza marufuku nyingine.