Unapanga Safari ya Makorongo? Anza na Maji

Ukifungua ramani ya kusini mwa Utah na kaskazini mwa Arizona, kule Marekani, utashawishika kupima kwa rula. Kutoka ukingo wa kusini wa Grand Canyon hadi ukingo wa kaskazini ni kama kilomita 16 tu angani. Unajisemea: asubuhi huku, mchana kule. Kumbe kwa gari ni zaidi ya kilomita 340, maana lazima ulizunguke korongo mpaka ulifikie daraja. Kwa hiyo kabla hujauliza waongozaji wanatoza kiasi gani, hebu jiulize kwanza: waliotangulia walipita wapi, na kwa nini pale?

Mwaka 1776 mapadri wawili, Domínguez na Escalante, walitoka Santa Fe wakitafuta njia ya kwenda Monterey, California. Oktoba baridi ikawashinda, wakaamua kurudi, na siku zilezile mwongozaji wao mwenyeji akawaacha. Hapo mambo yakaharibika. Kiu, njaa, mpaka wakachinja farasi wao wakala. Mwishoni mwa mwezi walifika Mto Colorado, mahali palipokuja kuitwa Lee's Ferry, wakashindwa kuvuka. Walivuka Novemba 7, sehemu nyingine kabisa, baada ya kuchonga ngazi kwenye mwamba ili wanyama waweze kushuka. Usipange kwenda kuzitazama ngazi hizo: kivuko kile kimefunikwa na maji ya Ziwa Powell.

Karibu karne moja baadaye, John Wesley Powell alikuwa mwerevu zaidi. Baada ya kushuka mto kwa mashua mwaka 1869, alirudi 1870 kuipima nchi ya juu, safari hii akiongozwa na Mmormoni Jacob Hamblin pamoja na Wapaiute wenyeji. Wapaiute ndio waliojua ni mashimo yapi ya mwambani huhifadhi maji ya mvua. Katika nchi ile mwongozaji hakuwa mtu wa kukuonyesha mandhari. Bila yeye ungekufa kiu, basi.

Sasa tuje Pipe Spring, na hapa naomba tukae kidogo. Ni chemchemi katikati ya ukame, kaskazini mwa Arizona, iliyowanywesha Wapaiute wa Kaibab vizazi na vizazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Wamormoni wakajenga ngome ya mawe juu yake kabisa. Yaani chemchemi ikawa ndani ya nyumba ya mtu! Mwaka 1907 Wapaiute wakatengewa ardhi kuizunguka sehemu ile. Kisha ikaja reli. Mwaka 1923 kampuni ya Union Pacific ilifikisha tawi lake Cedar City, na watalii wakawa wanapakiwa kwenye magari kutoka hapo kuzungushwa Zion, Bryce na ukingo wa kaskazini. Ndiyo safari ya kuongozwa ya siku kadhaa, ileile unayouziwa leo. Kati ya Zion na Grand Canyon palihitajika mahali pa kupumzika na kunywa maji, na Stephen Mather, mkuu wa hifadhi za taifa, akaona Pipe Spring panafaa. Mwaka huohuo pakatangazwa mnara wa taifa. Mwaka 1933 maji yakagawanywa mafungu matatu: serikali, wafugaji, Wapaiute. Waliokuwepo kabla ya wote wakabaki na theluthi. Mimi hilo silioni kuwa haki.

Na kibaya zaidi, watalii wenyewe walikuwa wameshahama. Handaki la Zion, lenye urefu wa kilomita 1.8 hivi, lilifunguliwa 1930 na kufupisha njia, magari yakaacha kupita chemchemini.

Ukipanga ratiba yako, kumbuka barabara ya ukingo wa kaskazini hufungwa na theluji majira ya baridi, na hoteli ya kihistoria iliyokuwa pale iliteketea Julai 2025. Handaki nalo lilichimbwa kwa magari ya enzi hizo, kwa hiyo ukikodi gari kubwa uliza masharti mapema. Ila tenga nusu siku kwa Pipe Spring. Kituo cha wageni pale hifadhi inashirikiana na Wapaiute wa Kaibab, na ngome bado ipo, imekalia chemchemi.