Alaimenti ya pikapu iliyoinuliwa

Alaimenti ya pikapu iliyoinuliwa ni urekebishaji wa pembe za magurudumu, hasa ya mbele, baada ya gari kuongezewa kimo kwa springi ndefu au kwa kukaza toshenibaa (fimbo inayofanya kazi ya springi kwa kujipinda). Makala hii inahusu Toyota Hilux na Toyota Land Cruiser mfululizo wa 70, zinazofahamika mno Afrika Mashariki.

Pembe zinazoharibika

Tou (jinsi magurudumu yanavyoelekea ndani au nje yakitazamwa kutoka juu) ikipotea, tairi hulika kwa haraka na stelingi hukaa upande. Kemba (mlalo wa gurudumu kuelekea ndani au nje likitazamwa kutoka mbele) ikipotea, tairi hulika ukingo mmoja. Kasta (mlalo wa mhimili wa stelingi kuelekea mbele au nyuma ukitazamwa kutoka ubavuni) haili tairi kwa namna ya kuonekana, ndiyo maana gereji nyingi huiacha. Lakini ndiyo inayolishikilia gari kwenye njia iliyonyooka na kuirudisha stelingi baada ya kona. Pikapu iliyoinuliwa bila kurudishiwa kasta huyumba kwenye mwendo wa kasi, na dereva hulazimika kuisahihisha muda wote. Hilo ni suala la usalama.

Hilux

Kizazi cha saba, kilichotoka mwaka 2004, kina wishboni mbili (mkono wa juu na wa chini) kila upande, na koili imezunguka shokapu. Gari likiinuliwa, mikono hiyo huinamia chini. Kwa kuwa wa juu ni mfupi kuliko wa chini, gurudumu hubadili mlalo wake, na kasta hupungua. Tairodi (fimbo za stelingi) nazo huinama, zikibadilisha tou.

Marekebisho yanaanzia kwenye bolti mbili za mkono wa chini, ya mbele na ya nyuma, zenye kemu (sahani yenye tundu lisilo katikati). Kuzizungusha kunasogeza shina la mkono na hivyo kubadilisha kemba na kasta kwa pamoja. Tou huwekwa mwisho, kwa sababu kila bolti inayoguswa huivuruga upya. Kwa nyongeza ya kimo ya milimita 50 hivi bolti hizo kwa kawaida hutosha, ingawa hufika karibu na ukomo. Zikiisha nafasi, dawa ni mkono wa juu ulioundwa upya, ambao bolijointi yake imesogezwa nyuma kidogo.

Kikwazo kikubwa ni kutu. Bolti hung'ang'ania ndani ya bushi, hasa kwa magari ya pwani, na zisipozunguka hukatwa na kubadilishwa pamoja na bushi zake. Fundi anayeweka tou peke yake kwa sababu bolti zimeganda hajafanya alaimenti.

Hilux za zamani zenye toshenibaa huinuliwa kwa kukaza bolti za toshenibaa tu. Njia hiyo ni rahisi, lakini huubakizia mkono nafasi ndogo ya kushuka, na gari huwa gumu.

Land Cruiser mfululizo wa 70

Hapa ekseli ya mbele ni kipande kimoja, kwa hiyo kemba haiguswi na kimo. Tangu mwaka 1999 imekaa juu ya koili. Ikiinuliwa, mikono inayoishika huizungusha na kasta hushuka. Hurudishwa kwa bushi zenye tundu lisilo katikati. Fimbo ya panhadi, inayoizuia ekseli isisogee pembeni, nayo huivuta ekseli upande mmoja, na huhitaji kubadilishwa kwa inayorefushwa. Zile za awali, za springi za majani, hurekebishwa kwa kabari kati ya springi na ekseli.

Upimaji

Springi mpya hukaa chini kidogo baada ya kutembea, hivyo gari hupimwa tena likishatumika kwa muda. Lipimwe likiwa na mzigo wake wa kudumu: bampa ya chuma, winchi, tangi la ziada. Magari yenye mfumo wa kuzuia kuteleza huhitaji pia kihisi cha stelingi kiwekwe sifuri.

Mambo yanayoambatana

Kwa kuwa kimo kimebadilika, taa za mbele hushushwa mwanga. Vali ya breki inayosoma kimo cha nyuma hurekebishwa.

Hali ya sasa

Mashine za kamera zinapatikana mijini. Kwingineko mafundi hutumia uzi na rula, vinavyopima tou vizuri lakini havipimi kasta, hivyo mwenye gari lililoinuliwa aombe karatasi yenye vipimo vya pembe zote 3, kabla na baada.