Kabla ya Kompyuta Ilikuwa Springi

Kikomo cha mizunguko ya injini kilianza kama kipande cha chuma na springi. Kwenye Porsche 911 za miaka ya 1970 kilikaa ndani ya rota ya distribyuta: injini ikizidisha kasi, kizito kinarushwa nje, cheche inapotea njia, plagi zinakosa moto. Kasi ikishuka, springi inakirudisha. Basi, hakuna zaidi.

Baadaye kazi hiyo ikahamia kwenye kompyuta ya gari, na kwa wenye tabo ndipo mambo yakawa magumu. Kompyuta ikikata petroli vibaya huku tabo bado inasukuma hewa, silinda inaweza kubaki na mchanganyiko mwepesi, moto ukalipuka kabla ya wakati, pistoni ikapasuka. Ikikata cheche, petroli isiyoungua inakwenda kuwaka kwenye ekzosi. Ule mlio wa risasi wanaoupenda vijana wa Subaru pale Nairobi unalipiwa na mapanga ya tabo.

Halafu kuna mafundi wanaopandisha kikomo, eti gari ipumue. Kutoka 7,000 hadi 8,000 kwa dakika inaonekana kidogo, kumbe mvuto kwenye konrodi unaongezeka kwa takriban asilimia 30, kwa sababu hukua kwa mraba wa kasi. Na tabo ndogo ya kiwandani huko juu imeshaishiwa pumzi. Unanunua hatari tupu.

Tena dereva akikosea gia, akatia ya pili badala ya ya nne, magurudumu yenyewe ndiyo yanayoizungusha injini. Kompyuta inakata cheche zote, na valvu zinagonga pistoni vilevile.