Pindo la Neva na Jina la Julia Platt

Nilisoma biolojia kwa miaka kadhaa bila kulisikia jina la Julia Platt, ingawa yeye ndiye aliyeona mapema sura zetu zinakotoka.

Mwaka 1893, Mmarekani huyu alikuwa akichunguza viinitete vya salamanda wa majini aitwaye Necturus. Akaandika kwamba gegedu za kichwa hutokana na tabaka la nje, lile lile linalozaa ngozi na neva. Wakati ule ilikuwa kama kufuru. Wanabiolojia waliamini kwamba gegedu na mifupa ni kazi ya tabaka la kati peke yake. Wakubwa wa fani wakampinga. Alipata shahada ya udaktari Freiburg, Ujerumani, mwaka 1898, lakini hakupata kazi chuoni. Akahamia Pacific Grove, California, akaiacha darubini. Mwaka 1931, akiwa na zaidi ya miaka 70, akachaguliwa meya, akapigania kulindwa kwa viumbe wa pwani ya mji huo. Alifariki mwaka 1935.

Alichokiona ni hiki. Mgongoni mwa kiinitete kuna bamba linalojikunja kuwa mrija, ambao baadaye huwa ubongo na ugwe wa mgongo. Kandokando ya bamba hilo, mithili ya pindo la kanga, kuna seli zinazojibandua na kusafiri mbali. Baadhi hujenga gegedu na mifupa ya uso, nyingine huwa seli za rangi ya ngozi, nyingine neva za utumbo.

Ni jeni zipi zinazoziamuru? Sehemu kubwa ya jibu imetoka kwa chura wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis. Yeye aliingia maabara kwa mlango mwingine: miaka ya 1930, watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba chura jike akidungwa mkojo wa mjamzito, hutaga mayai kabla ya siku kwisha. Akasafirishwa ng'ambo kwa maelfu kupima mimba. Vipimo vya kemikali vilipomwondolea kazi hiyo, wanabiolojia walibaki naye, kwani mayai yake ni makubwa na hukua nje ya mwili, machoni pa mtafiti.

Mwaka 2005, majaribio kwa chura huyo yalionyesha kwamba jeni mbili, Pax3 na Zic1, zikiwashwa pamoja, zinaweza kuanzisha seli za pindo hata mahali zisipopaswa kuwepo. Kwa binadamu, hitilafu katika PAX3 huleta ugonjwa wa Waardenburg: shungi la nywele nyeupe, macho yenye rangi mbili tofauti, wakati mwingine uziwi. Dalili zinazoonekana hazihusiani, zote zikitokana na seli za pindo moja.

Hoja ya Platt ilikuja kukubalika miongo kadhaa baadaye. Ushahidi alikuwa nao tangu mwanzo. Alichokosa ni kiti cha kukalia autetee. Ndiyo maana, ninaposoma kwamba fikra fulani imekataliwa na wataalamu, siku hizi nauliza pia ni nani aliyekuwa na nafasi ya kujibu.