Uratibu wa Matunzo ya Kibingwa ya VVU

Uratibu wa matunzo ya kibingwa ni kazi ya kuhakikisha kwamba mtu anayeishi na VVU anafika kwa daktari anayeuelewa ugonjwa wake, na kwamba wengine wote wanaomhudumia, kuanzia maabara na duka la dawa hadi bima, wanafuata mpango mmoja wa tiba. Nchini Marekani istilahi hii imekomaa ndani ya Medicaid, bima ya umma iliyoanzishwa mwaka 1965 kwa ajili ya watu wenye kipato kidogo na kugharimiwa kwa pamoja na serikali kuu na majimbo.

Majimbo mengi huingia mkataba na mashirika yanayoitwa mipango ya afya. Mpango hulipwa kiasi maalumu kila mwezi kwa kila mwanachama, awe mgonjwa au mzima. Haya ni malipo kwa kichwa. Kwa fedha hizo mpango huteua madaktari wake, hugharimia kitita cha mafao na kutoa vibali vya tiba za gharama kubwa. Mara nyingi mwanachama hupangiwa daktari wa kwanza, ambaye ndiye humwandikia rufaa ya kwenda kwa bingwa. Mfumo mzima unaweza kuitwa huduma chini ya usimamizi.

VVU huuweka mfumo huo kwenye mtihani mgumu. Dawa za kufubaza virusi ni ghali mno Marekani, na hutumiwa maisha yote. Mpango unaolipwa kwa wastani wa wanachama wote hupata hasara kwa kila anayeishi na VVU, na njia nyepesi ya kuikwepa ni kuwa na wataalamu wachache na vibali vingi. Yapo majimbo yaliyoziondoa dawa hizo katika malipo kwa kichwa na kuzilipia yenyewe. Mengine yaliongeza kiwango kwa ajili ya wagonjwa hao. New York ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2003 ilianza kuandikisha watu katika mipango maalumu ya VVU, ambamo daktari wa kwanza mwenyewe ni mtaalamu wa VVU. Mgonjwa hahitaji tena kuomba rufaa ili atibiwe ugonjwa unaojulikana tangu siku aliyojiandikisha, na hiyo ni nafuu kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Tahadhari moja inahitajika katika tafsiri. Nchini Tanzania daktari bingwa ni mwenye shahada ya uzamili katika fani yake. Marekani haina shahada ya namna hiyo kwa VVU: daktari wa familia au wa magonjwa ya ndani hutambuliwa kwa idadi ya wagonjwa aliowahudumia na mafunzo anayoendelea kuyapata. Ndiyo maana ni salama zaidi kumwita mtaalamu wa VVU, na kuacha neno kibingwa liielezee huduma.

Thamani ya uratibu huonekana pale magonjwa mawili yanapokutana. Mgonjwa anayetumia dolutegravir miligramu 50 mara moja kwa siku akiugua kifua kikuu, daktari wa mapafu humwanzishia rifampicin. Dawa hiyo hushusha kiwango cha dolutegravir mwilini, kwa hiyo kipimo chake hupandishwa hadi miligramu 50 mara mbili kwa siku. Wataalamu wawili wakiwa katika kliniki mbili zisizowasiliana, kila mmoja anaweza kuandika dawa sahihi na mgonjwa akabaki na tiba pungufu. Mratibu anapaswa kuhakikisha kliniki ya VVU imepata taarifa, bima imekubali kulipia vidonge vya ziada, na mgonjwa ameelewa vipi anywe asubuhi na vipi jioni.

Kanuni za serikali kuu hutaka kila mwanachama awe na mtu au taasisi ya kuratibu huduma zake, na mwenye mahitaji maalumu ya afya aweze kumwona bingwa moja kwa moja, kwa mfano kwa rufaa ya kudumu. Mgonjwa akipoteza sifa za kuwa katika Medicaid, mratibu humpeleka kwenye mpango wa Ryan White, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990, ambao hulipia pale ambapo hakuna mlipaji mwingine.

Katika Kiswahili, kusimamia na kuratibu ni vema vitenganishwe. Mpango husimamia fedha na vibali. Mratibu huunganisha safari ya mgonjwa. Msimamizi wa kesi, tafsiri inayokuja haraka mdomoni, haifai, kwa kuwa kesi huwapeleka wasikilizaji wengi polisi na mahakamani. Hili si jambo dogo kwa wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili huko Marekani, ambao mipango ya Medicaid inawajibika kuwapatia mkalimani bila malipo. Mratibu wa matunzo hueleweka, hasa kwa aliyewahi kuhudhuria kituo cha tiba na matunzo.

Mafanikio hupimwa kwa wingi wa virusi: chini ya nakala 200 katika mililita moja ya damu, virusi huhesabiwa kuwa vimefubazwa. Madai ya malipo huuonyesha mpango kwamba kipimo kilifanyika, lakini hayataji jibu, hivyo mratibu hulazimika kulipata kutoka kliniki, maabara au idara ya afya ya jimbo.