Ahadi ni deni, lakini si kila deni hudaiwa mahakamani

Ahadi ni deni, ndivyo tulivyolelewa Pwani. Lakini ukiingia na msemo huo katika mahakama za Milimani, utaulizwa swali moja: wewe ulitoa nini ili upewe ahadi hiyo? Kama hukutoa kitu wala hukuahidi kutoa kitu, ulilo nalo ni deni la heshima tu, na mahakama haitakusaidia kulidai.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili katikati ya jiji. Wengi wanaonijia kuuliza ni watu wetu: wenye vibanda Luthuli Avenue, wapangaji wa Kawangware na Kangemi, vijana waliotoka Lamu au Kisauni kutafuta riziki. Baadhi yao wamepoteza haki zao bila kuibiwa na mtu, kwa kutojua jambo hili tu.

Maana yake

Mawakili huliita konsiderasheni. Mimi nitaliita badali, yaani kile unachotoa ili uipate ahadi ya mwenzako. Ni biashara ya nipe nikupe. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, iliyoanza kutumika mwaka 1961, inasema mikataba yetu itafuata sheria ya kawaida ya Uingereza. Kabla ya hapo tulitumia Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Kwa sheria hiyo ya Kiingereza, mkataba husimama kwa mambo matatu: mmoja apendekeze, mwingine akubali, na pawe na badali.

Badali si lazima iwe pesa taslimu. Fundi wa samani wa Ngong Road akikuahidi kabati, nawe ukamwahidi shilingi 30,000 akimaliza, mkataba umeshafungwa hata kabla hujatoa arubuni. Ahadi yako ni badali ya ahadi yake. Hata kuacha jambo ambalo ulikuwa na haki ya kulifanya, kama vile kumshitaki mtu, kwaweza kuwa badali.

Si lazima pia ilingane na thamani ya kitu. Mwaka 1959 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba hata makaratasi ya chokoleti ya Nestlé, ambayo kampuni ilikuwa ikiyatupa baada ya kuyapokea, yalikuwa sehemu ya badali. Kwa hiyo ukiuza pikipiki yako kwa shilingi 5,000 kwa hiari yako, usitarajie hakimu akuokoe kwa sababu bei ilikuwa ndogo. Atakusikiliza ukithibitisha kwamba ulidanganywa au ulitishwa.

Wema uliokwisha kutendwa

Hapa ndipo jamaa zetu wengi huteleza. Kijana mmoja alimsaidia mjomba wake kuhamisha duka kutoka mjini hadi Kangemi. Alipakia mizigo, akapanga rafu, akalala dukani akilinda. Kazi ilipokwisha, mjomba akafurahi na kusema mbele ya jamaa, "Mwanangu, nitakupa laki moja." Hakumpa.

Kisheria, kazi ilikuwa imekwisha kabla ya ahadi kutolewa, kwa hiyo haikuwa bei ya ahadi hiyo. Mwaka 1842 mahakama ya Uingereza iliamua hivyo katika kesi ya farasi: muuzaji alitoa hakikisho kuhusu tabia ya farasi baada ya mauzo kukamilika, na hakikisho hilo halikuwa na nguvu. Lau mjomba angesema mwanzoni, "Nisaidie kuhamisha, nitakulipa," habari ingekuwa nyingine. Kazi iliyoombwa huku wote wawili wakielewa kwamba ina malipo hudaiwa, hata kama kiasi kilitajwa baadaye.

Kazi uliyokwisha kuahidi

Watu wa bahari wataielewa kesi ya mwaka 1809. Meli ilitoka London kwenda Baltiki, na njiani mabaharia wawili wakatoroka. Nahodha akawaahidi waliobaki kwamba watagawana mishahara ya wale wawili. Walipofika nyumbani wakanyimwa, na mahakama ikakubaliana na nahodha, kwa kuwa walikuwa wamefungwa na mkataba tangu mwanzo kuirudisha meli. Hawakutoa kitu kipya.

Deni "lililosamehewa"

Jambo linaloumiza wapangaji ni hili. Una deni la kodi la shilingi 60,000. Mwenye nyumba anakwambia, "Lete 30,000, tumemalizana." Unakopa, unalipa, unalala usingizi. Baada ya miezi mitatu anadai zilizobaki. Je, anaweza? Kwa kanuni ya kale, ndiyo. Kulipa sehemu ya deni ulilokuwa unadaiwa tayari si badali ya kusamehewa sehemu nyingine. Kanuni hiyo ilithibitishwa Uingereza mwaka 1884.

Kuna nafuu. Ukilipa kabla ya siku ya deni kufika kwa ombi lake, au ukiongeza kitu kingine hata kidogo, mfano kumwachia meza yako, hapo umetoa kitu kipya. Pia, tangu uamuzi wa mwaka 1947 kuhusu kodi ya nyumba za London wakati wa vita, mahakama yaweza kumzuia mtu asiikane ahadi ambayo mwenzake ameitegemea. Lakini hiyo ni ngao ya kujikinga ukishitakiwa. Huwezi kuitumia peke yake kufungua kesi.

Zawadi

Kwetu hiba hutimia kwa kutamka, kukubali na kukabidhi. Sheria ya Kiingereza nayo haimlazimishi mtu kutimiza zawadi aliyoiahidi tu. Anayetaka ahadi ya bure imfunge hana budi aiweke katika hati maalumu iliyotiwa sahihi mbele ya shahidi. Wala usidhani kadhi atakuamulia deni la biashara. Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pekee.

Ufanye nini?

Kabla ya kupeana mikono, andika nani anatoa nini, ili apate nini, na lini. Karatasi moja yenye sahihi mbili yatosha kwa mambo mengi. Kwa kununua ardhi, sheria inataka maandishi, sahihi za wote, na shahidi wa kila sahihi. Ukisamehewa deni, andikisha pia ulichotoa ili usamehewe. Hifadhi jumbe za M-Pesa.

Mambo yakiharibika, Mahakama ya Madai Madogo, iliyozinduliwa Milimani Aprili 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka iamue ndani ya siku 60. Usikawie, kwani dai la mkataba wa kawaida hufa baada ya miaka 6.

Kuandikiana na ndugu si kumvunjia heshima. Anayeona haya kuandika leo huenda kesho akakosa mjomba na pesa pia.