Rubani wa Dar ambaye hakutunguliwa

Wengi wetu tulikutana na Roald Dahl utotoni, kupitia Matilda au Charlie na kile kiwanda cha chokoleti. Nilichochelewa kukijua ni kwamba jamaa aliwahi kuishi hapa hapa Dar, na safari yake ya vitani ilianzia hapa.

Alizaliwa Wales mwaka 1916, wazazi wake wakiwa wametoka Norwei. Mwaka 1938 akaja Dar es Salaam kufanya kazi kampuni ya mafuta ya Shell. Vita ilipotangazwa Septemba 1939, alikabidhiwa askari wa KAR wawakamate Wajerumani waliokuwa mjini. Novemba akashika usukani wa gari hadi Nairobi, akajiunga na jeshi la anga la Uingereza. Hebu fikiria: mtu wa futi sita na inchi sita anajikunja ndani ya kindege cha mafunzo!

Tarehe 19 Septemba 1940 alitumwa kupeleka ndege aina ya Gladiator kwenye kikosi chake kipya, namba 80, katika jangwa la Misri. Maelekezo aliyopewa hayakuwa sahihi. Alipofika, hakuona uwanja wala hema. Mafuta yanakwisha, giza linaingia. Akajaribu kutua mchangani, ndege ikagonga na kuwaka moto. Alitoka akitambaa, fuvu limepasuka, pua imevunjika. Kwa wiki kadhaa hakuona.

Aprili 1941 akarudi angani, safari hii Ugiriki, akirusha Hurricane. Tarehe 20 walipaa 12 tu juu ya Athens kupambana na kundi kubwa la Wajerumani. Pat Pattle, rubani hodari kuliko wote pale, hakurudi. Dahl alirudi. Baadaye maumivu ya kichwa yalimtoa kabisa kwenye urubani.

Sasa njooni kwenye kilichonigusa. Agosti 1942, akiwa ubalozini Washington, gazeti la Saturday Evening Post lilichapa kisa cha ajali ile. Kichwa cha habari kikasema alitunguliwa Libya. Hakuna adui aliyemgusa siku ile! Ukweli wenyewe aliueleza katika kitabu chake Going Solo cha mwaka 1986: alielekezwa vibaya na wakubwa zake.

Nami niliwahi kubadilishiwa kichwa cha habari ili kinoge. Nilinyamaza, maana jina langu lilikuwa ukurasa wa mbele. Kwa hiyo simnyooshei Dahl kidole. Lakini ukisema adui ndiye aliyekuangusha, aliyekupa maelekezo mabovu anabaki kitini, anamwelekeza rubani mwingine. Dahl anasema walikuwa 16 waliojifunza pamoja Nairobi, na 13 wakafa ndani ya miaka miwili.

Wadau, ingekuwa wewe mwaka 1942, ungeomba gazeti lirekebishe?